Kiti Kimoja, Toka Mlimani Hadi Maragoli

Ukitoka Bungoma asubuhi kwenda Kitale kwa njia ya Kimilili, mlima Elgon hukufuata mkono wa kushoto karibu safari nzima. Sisi watu wa pwani tumezoea kuwa mwisho wa macho ni bahari. Huku mwisho wa macho ni mlima, na kilele chake kimepita mita 4,300. Nilikuja kwa arusi ya rafiki. Arusi ilipokwisha nikabaki siku tatu nikiulizia jambo lililonishughulisha tangu zamani, nalo ni uchaguzi wa Machi 1957, ambapo Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wenyewe wa Baraza la Kutunga Sheria.

Wasomaji wa Mombasa na Kilifi huukumbuka uchaguzi huo kwa jina la marehemu Ronald Ngala, aliyepata kiti cha Pwani. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Hebu fikiri, msomaji: mtu mmoja aseme kwa niaba ya Lamu, Malindi, Taita na Vanga! Lakini kiti cha Nyanza ya Kaskazini nacho hakikuwa chepesi. Kilianzia kwa Wasabaot wa mlimani kwenye baridi na mifugo yao, kikashuka kwa Wabukusu wa Kimilili na Bungoma, kikapita kwa Wateso wa mpakani na Uganda, kikaenda mpaka vilima vya Maragoli ambako shamba la mtu ni kiasi cha ua wa nyumba. Katikati yake ilikuwamo Mumias, mji tuujuao sisi kwa sababu misafara ya Waswahili ilitua hapo kwa Wawanga katika karne ya 19, na Uislamu ukaota mizizi.

Waliosikika zaidi katika kinyang'anyiro hicho ni wawili. Bwana W. W. W. Awori alikuwa mtoto wa kasisi, ukoo wake wa Samia, mhariri wa magazeti na mmoja wa viongozi wa KAU kabla chama hicho hakijapigwa marufuku mwaka 1953. Tena alikuwa tayari yumo barazani kwa uteuzi wa Gavana. Bwana Masinde Muliro alizaliwa 1922 upande wa Kimilili. Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi 1954, akawa mwalimu. (Asichanganywe na Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, naye mtu wa huko huko, ambaye Mwingereza alimhamishia kwetu Lamu kwa kumwogopa.) Mmoja basi alitoka upande wa ziwa na mwingine chini ya mlima. Vyama vya nchi nzima vilikuwa haviruhusiwi. Tangu 1955 Serikali ilikubali vyama vya wilaya tu, kwa hiyo mgombea alikwenda kwa watu na jina lake na ulimi wake.

Kitale nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye mwaka ule alikuwa mtoto wa shule Kimilili. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akacheka, akasema huko wenzangu humpa mkono tu, lakini akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaniletea kiti chini ya mparachichi.

"Baba yangu alikuwa mwalimu," akasema. "Alikuwa na kura mbili. Mama yangu alikuwa na watoto tisa, na hakuwa na kura."

Hakuwa akifanya mzaha. Katika uchaguzi ule kura haikuwa haki ya kila mtu mzima. Mtu alipimwa kwa elimu yake, kipato, mali, utumishi na mengineyo. Asiyetimiza hakuandikwa, na aliyetimiza mengi aliweza kupewa hata kura tatu. Baba mdogo wa mzee huyu alikuwa kibarua katika shamba la setla hapa hapa Trans Nzoia. Hakujua kusoma, hakuwa na ardhi, na kura hakupata. Mimi hapo ndipo niliposhikwa. Kiti kilikatwa kikubwa kutosha kushika mlima na vilima, lakini mtu aliyekuwa na shida kubwa kuliko wote, yule anayelima ardhi si yake, hakuwa na nafasi ndani yake.

Bwana Muliro alishinda. Husemwa kuwa ni hesabu ya Wabukusu tu. Siridhiki na jibu hilo, maana peke yao wasingeweza kuujaza uwanja mkubwa kama ule. Nadhani wapiga kura, ambao wengi wao walikuwa watu wa kalamu kama baba wa mzee wangu, walichoka na kiti cha kupewa na Gavana. Mwaka ule ule Oginga Odinga alimwangusha B. A. Ohanga, waziri Mwafrika wa kwanza, na Eliud Mathu aliangushwa na Bernard Mate. Walakini Daniel arap Moi, naye mteuliwa, alipita salama katika Bonde la Ufa. Kwa hiyo nisiifanye kanuni. Na Bwana Awori namwonea huruma, kwani hakuwa kibaraka.

Wale wanane walikataa uwaziri wakadai viti zaidi. Mwaka 1960 Ngala na Muliro wakawa pamoja katika KADU, mmoja rais na mwingine makamu wake. Mipaka ya mikoa ilipokatwa kabla ya Uhuru, Wabukusu waliitaka Kitale iwe Magharibi, ikabaki Bonde la Ufa. Na Wasabaot waliotaka Bonde la Ufa wakaachwa Magharibi. Bwana Muliro baadaye alikuwa mbunge upande huu wa Kitale. Mwaka 1975 alipoteza uwaziri kwa kuunga mkono ripoti ya kuuawa kwa J. M. Kariuki, na 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi sita wa FORD pamoja na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa yetu. Alifariki Agosti 1992.

Kabla sijaaga nilimwuliza mzee kuhusu mama yake. Akasema alipiga kura yake ya kwanza Mei 1963, wakati kila mtu mzima aliporuhusiwa. Alikwenda alfajiri na kitambaa kipya kichwani, akarudi adhuhuri, akawasha moto wa chakula.

"Alimpigia nani?" nikauliza.

"Baba alimwuliza hivyo hivyo," akasema mzee. "Mpaka anakufa hakutuambia."