Rili kuukuu ya kuvulia si chuma chakavu: Namna ya kuitambua

MVUVI wa kisiwa cha Wasini anayetumia mshipi wa mkono hahitaji mtambo wowote. Mshipi ameuzungusha kwenye kipande cha ubao au chupa ya plastiki, na samaki mkubwa anaponasa, breki ni viganja vyake mwenyewe.

Ng'ambo ya maji, katika bandari ndogo ya Shimoni, uvuvi wa aina nyingine umefanyika kwa miongo mingi. Wageni wamekuwa wakija kuwania nduaro, sulisuli na jodari katika Mkondo wa Pemba kwa kutumia ufito na rili, yaani mtambo mdogo wa kuzungusha mshipi unaofungwa kwenye ufito. Uvuvi huo uliipa Shimoni jina nje ya mipaka ya Kenya, na Klabu ya Uvuvi ya Pemba Channel ikajulikana na wavuvi wa michezo wa mataifa mengi.

Mtambo huo ukishakufa, aghalabu hakuna anayeuuliza tena. Waweza kulala stoo miaka ishirini, ukawa mchezo wa watoto, au ukaishia kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwenye mzani, shaba ni shaba na aluminiamu ni aluminiamu. Hata hivyo, wapo watu Ulaya, Marekani na Australia wanaokusanya rili za zamani, na baadhi yazo huuzwa kwenye minada kwa maelfu ya dola au pauni. Kazi ngumu ni kujua ipi ni ipi.

Si ajabu kwa chombo cha thamani kuonekana pwani ya kusini. Mapema mwaka wa 1954, mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alipiga kambi ya uvuvi Shimoni, wiki chache baada ya kunusurika katika ajali mbili za ndege nchini Uganda. Akiwa huko aliungua vibaya katika moto wa nyika. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Inafaa kukumbuka kwamba mzee wa riwaya yake mashuhuri, The Old Man and the Sea, iliyochapishwa mwaka wa 1952, hana rili. Huvua kwa mshipi wa mkono, kama wafanyavyo wavuvi wa Wasini.

Hatua ya kwanza katika kuitambua rili ni kusoma maandishi yake. Mafundi wengi walichonga jina na mji wao kwenye bamba la ubavuni au chini ya wayo, yaani kile kipande kinachofungwa kwenye ufito. Neno Alnwick huelekeza kwa kampuni ya Hardy ya kaskazini mwa Uingereza, iliyoanzishwa mwaka wa 1872. Philadelphia ni mji wa Penn, kampuni iliyoasisiwa mwaka wa 1932. Svängsta ni Uswidi, nyumbani kwa ABU, nayo Cluses ni mji wa Ufaransa zilikotengenezwa rili za Mitchell. Nambari zilizopigwa mhuri nazo zisipuuzwe, kwa kuwa mara nyingi ndizo zinazotenganisha toleo la mwanzo na yale yaliyofuata.

Maandishi yakiwa yamefutika, malighafi husema. Mbao na shaba ya manjano ni alama ya rili nyingi za Uingereza za karne ya 19. Mpira mgumu mweusi uitwao eboniti, ukiwa umezungushiwa pete za fedha ya Kijerumani, ni alama ya rili kubwa za baharini za Marekani, zikiwemo za fundi Edward vom Hofe wa New York. Fedha hiyo ya Kijerumani, licha ya jina lake, haina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki. Eboniti ikikaa juani muda mrefu hupoteza weusi wake na kuwa na rangi ya kahawia au kijani kibichi. Kwa hiyo rangi iliyofifia huenda ikawa ushahidi wa umri, wala si sababu ya kuitupa.

Ushahidi wa tatu uko kwenye breki. Katika rili za kale za baharini, samaki alipokimbia mpini nao ulizunguka kinyumenyume kwa kasi, na mvuvi asipoondoa mkono upesi alivunjwa vidole. Breki yake ilikuwa kipande cha ngozi kilichokandamizwa kwa kidole gumba juu ya mshipi. Mageuzi yalikuja mwaka wa 1913, Mmarekani William Boschen alipomvua upanga kwa ufito katika kisiwa cha Catalina, California, akitumia rili yenye breki ya ndani iliyotengenezwa na Julius vom Hofe. Breki hiyo iliongozwa kwa gurudumu dogo lenye umbo la nyota lililo chini ya mpini. Nyota hiyo ingali inatumika hadi leo. Rili kubwa ya baharini isiyokuwa nayo, wala wenzo wa breki, inastahili kutazamwa mara mbili.

Aidha, rili nyingi kubwa za bahari hupewa vipimo vya sufuri, kama vile 4/0, 6/0, 9/0 na 12/0. Kadiri nambari ya mbele inavyokua ndivyo chombo kinavyokuwa kikubwa. Vipimo hivi havitaji umri, bali husaidia kujua samaki aliyekusudiwa.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kuwa kila cha zamani ni adimu. Penn Senator ilianza kuuzwa mwaka wa 1936 na ikaenea karibu kila bandari ya uvuvi wa michezo duniani. Mitchell 300 ilitengenezwa kwa mamilioni. Rili kama hizi huweza kuwa na umri wa kumzidi mwenyewe, na bado zikapata bei ndogo. Kinyume chake, rili ambazo Hardy ilizitengeneza kwa jina la mwandishi na mvuvi Zane Grey, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, zilikuwa ghali tangu mwanzo. Walionunua walikuwa wachache, na ndiyo maana leo wanaozitafuta ni wengi kuliko zilizopo.

Jina nalo halitoshi. Hardy yenyewe imerudia kutoa upya miundo yake ya kale, ukiwemo ule wa Perfect uliobuniwa mwishoni mwa karne ya 19. Mnunuzi makini huchunguza skurubu ili kuona kama vichwa vyake vimechubuliwa na bisibisi isiyofaa. Hutazama iwapo mpini unalingana na mwili, na kama bobini inayobeba mshipi haijapinda. Uharibifu wa bobini una historia yake. Mishipi ya zamani ilikuwa ya kitani, ambayo ilibidi kuanikwa kila siku ili isioze. Ilipokuja ya nailoni, ambayo hunyumbuka ikivutwa na kujibana ikilegezwa, ilizikandamiza bobini za zamani kwa nguvu ambayo hazikuundwa kuihimili, nyingine zikapasuka.

Adui mkubwa zaidi katika pwani ni chumvi, na wa pili ni mwenye kifaa anayetaka king'ae. Desturi ya kusugua shaba kwa ndimu na majivu inafaa sinia, lakini kwenye rili kuukuu hufuta maandishi na ile rangi iliyokomaa ambayo wakusanyaji huilipia. Msasa ni mbaya zaidi. Kinachotakiwa ni maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni laini, kitambaa, kisha mafuta mepesi kidogo kwenye gia. Skurubu iliyoganda ilowekwe mafuta, isilazimishwe.

Kuhusu sheria, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa cha kale kile kifaa kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Rili nyingi za uvuvi wa michezo ni za baada ya mwaka huo. Anayeshuku kuwa ameshika cha zamani zaidi ana ofisi za Makavazi ya Kitaifa, ikiwemo Fort Jesus, Mombasa, za kuuliza kabla ya kuuza.

Lakini kuna jambo ambalo halichongwi kwenye bamba lolote, nalo ni mahali rili ilipofanya kazi na mikono iliyoihudumia. Katika uvuvi wa michezo, jina la mgeni aliyeshika ufito ndilo linaloandikwa kwenye kumbukumbu. Jina la nahodha aliyejua maji, au la baharia aliyetega chambo na kumkamata samaki ubavuni mwa mashua, mara nyingi hubaki midomoni mwa watu tu. Mzee huyo akifariki, habari zake huondoka naye.

Ndiyo maana wakusanyaji hutoa bei bora zaidi kwa kifaa chenye historia iliyothibitishwa. Picha ya mashua, mwaka, jina la mwenye chombo na la mabaharia wake, vikiandikwa kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na rili, huifanya kuwa ushahidi wa maisha ya mahali fulani. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na ina faida hata kwa familia isiyokusudia kuuza. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.