Transfoma Haigusi Mwendo wa Santuri

Mteja mmoja aliniletea mashine ya santuri aliyorudi nayo kutoka Marekani. Alikuwa ameshanunua transfoma ya kushusha volti. Mashine iliwaka na sahani ikazunguka, lakini sauti ya Mbaraka Mwinshehe ilitoka nzito, imezama, gitaa likijikokota.

Mashine ilikuwa nzima. Mota za aina ile hazifuati volti, zinafuata mapigo ya umeme: Marekani ni hezi 60, kwetu ni hezi 50. Transfoma hupunguza volti, mapigo huyaacha yalivyo. Kwa hiyo santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ilikuwa ikienda chini ya 28, na kila noti ilishuka zaidi ya nusutoni tatu. Dawa ni kubadilisha puli ya mota: ya hezi 50 ni nene zaidi kwa karibu asilimia 20.

Kosa kubwa namna hiyo halijifichi. Mimi hunisumbua lile la asilimia moja au mbili, linaloweza kukaa miaka nyumbani bila mtu kulijua, mpaka siku kijana anapotaka kupiga gitaa pamoja na santuri na nyuzi zinakataa kuafikiana. Kulipima ni rahisi. Tafuta karatasi ya duara yenye mistari 180, iweke juu ya santuri, ushushe sindano kwenye mifereji inayobaki wazi, kwa maana mkwaruzo wake nao hupunguza mwendo. Angaza kwa balbu ya zamani ya waya. Kwa umeme wetu mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde; mwendo ukiwa sawa, mistari huonekana imesimama. Ikisogea mbele, sahani ina haraka; ikirudi nyuma, inachelewa. Taa nyingi za LED hazifai kwa kazi hii.

Ikichelewa, usikimbilie mota. Futa mkanda na puli kwa spiriti kidogo, na mkanda uliolegea ubadilishe. Sauti ikiyumba mara moja kila sekunde 1.8, yaani kila mzunguko, tazama mkono wa sindano: ukienda kushoto na kulia, tundu la santuri yenyewe haliko katikati.

Halafu springi. Mwaka 1961 Edgar Villchur wa Marekani alitoa mashine ambayo fremu moja ilibeba sahani na mkono kwa pamoja, ikikaa juu ya springi tatu, huku mota ikibaki nje. Hatua za watu na ngurumo ya spika zikawa hazifiki kwenye sindano kirahisi. Wengi waliufuata mpango huo, na wengi wanaomiliki mashine hizo hawajawahi kuzigusa nati za springi hizo.

Anza na meza, kwa pimamaji. Kisha acha sahani, santuri na mkono mahali pake, kwa kuwa uzito wao ndio springi zinaobeba, ugeuze nati kidogo kidogo mpaka sahani ilale sawa. Ibonyeze taratibu katikati, uiachie: ipande na kushuka wima. Ikipepesuka upande, springi moja imekaa vibaya. Izungushe ilipokaa, ujaribu tena. Hapa ndipo penye kazi, saa nzima inaweza kuisha.

Fremu ikipanda au kushuka, mkanda nao huhama kwenye puli. Irudishe ile karatasi ya mistari 180, upime upya.