Pikapu Ndogo: Mtumishi au Bwana?

Ndugu mkulima, ukifika Nairobi, mitaa ya Eastlands, utaziona pikapu ndogo kila mahali. Asubuhi zatoka Soko la Wakulima, lililojengwa miaka ya 1960, zikipeleka viazi na kabichi Kaloleni na Buruburu. Mchana zachukua vitanda Gikomba au saruji ya kujengea Kayole. Usiku mtu akiugua, pikapu ya jirani ndiyo humfikisha hospitali. Gari moja, kazi nyingi. Ndiyo sababu wengi wetu twaitamani.

Kutamani si vibaya. Lakini yafaa ujue kwamba ng'ombe akilala zizini hutoa samadi. Gari likilala ladai bima vilevile. Kwa hiyo, kabla hujauza ng'ombe au kuomba mkopo, shika kalamu.

Kwanza, andika kwa miezi mitatu gharama ya kila gari ulilokodi. Tuseme walipa shilingi 4,000 kwa safari, mara mbili kwa mwezi. Hizo ni shilingi 8,000. Upande wa pili andika petroli, bima, magurudumu, matengenezo na marejesho ya mkopo. Upande huo ukizidi, endelea kukodi, au nunueni pamoja majirani watatu. Mkifanya hivyo, andikeni mapatano: nani ataendesha, na nani atalipa gari likiharibika.

Pili, jua uzito. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50. Basi gari lililoandikiwa nusu tani huchukua magunia 10, wala si 15. Ukizidisha, springi huvunjika, na ukiteremka mlima breki hupata moto hata zikakataa. Hapo hupotezi viazi tu. Waweza kupoteza watoto waliopanda nyuma. Mahali pa mzigo si mahali pa watu.

Tatu, ukinunua gari lililokwisha kutumika, nenda na fundi unayemwamini wewe, si fundi wa mwenye kuuza. Tena usitoe hata senti kabla ya kuhakikisha katika rekodi za NTSA kwamba muuzaji ndiye mwenye gari, na kwamba halina deni la benki.

Nne, chagua gari ambalo vipuri vyake vyapatikana karibu na kwako. Wazee wakumbuka Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Lilikuwa gari la nguvu kweli, lakini hata gari la nguvu likikosa kipuri cha shilingi mia tano husimama, na kabichi huoza.

Pikapu ni chombo cha kazi kama jembe, na jembe halinunuliwi ili majirani walitazame. Hesabu ikikubali, nunua bila hofu. Ikikataa, tunza shamba lako kwanza. Shamba likizaa vizuri, gari litafuata.