Trekta Kuukuu na Umeme wa Volti 12

Ndugu mkulima, mvua ya Turkana haingoji mtu. Mto Tarach ukijaa pale Kakuma, maji hupita upesi, na udongo ukikauka kabla mbegu za mtama hazijaingia, msimu umekwenda. Siku hiyo trekta ikikataa kuwaka, kumwita Bwana Shamba hakutakusaidia.

Trekta nyingi za zamani za petroli ziliundwa na umeme wa volti 6. Ford 8N, iliyotengenezwa Marekani tangu 1947 hadi 1952, ni ya namna hiyo. Ferguson TE20, iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, za mwanzo ni volti 6, za baadaye ni volti 12. Basi usikisie. Hesabu vifuniko vya betri. Kila chumba cha betri hutoa volti 2 hivi; kwa hiyo vifuniko 3 ni volti 6, na vifuniko 6 ni volti 12. Soma pia maandishi ya dainamo na balbu, maana pengine mwenye trekta wa kwanza alibadilisha betri tu akaacha mengine. Aliye na Massey Ferguson 35 ya dizeli hana la kugeuza, hiyo ni volti 12 tayari.

Faida ni nini? Betri ya volti 12 ndiyo ya magari yanayopita barabara ya Lodwar na Kakuma, na wengi huitumia kwa taa za sola. Ya volti 6 huenda ikakulazimu kuiagiza kutoka mbali. Tena, taa ya wati 36 huvuta ampea 6 katika volti 6, lakini ampea 3 tu katika volti 12. Waya ule ule wa zamani unapata nafuu.

Lakini ngoja kidogo kabla ya kutoa fedha. Mara nyingi ubaya si volti, ni uchafu. Fungua waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chasisi, sugua ncha zake na mahali unapokaa kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha ukaze sana. Trekta ikiwaka vizuri baada ya hapo, iache na volti zake 6.

Ukiamua kugeuza, kwanza fungua betri, ukianza na waya wa chasisi. Ondoa dainamo pamoja na kisanduku cha kudhibiti chaji. Mahali pake funga alteneta ya volti 12 yenye kidhibiti ndani yake, na uangalie puli yake ilingane na beliti.

Hapa ndipo wengi huharibu. Trekta nyingi za zamani zimefungwa upande wa chanya kwenye chasisi, lakini alteneta za kawaida hutaka hasi kwenye chasisi. Ukifunga betri kwa desturi ya zamani, alteneta itaungua papo hapo, hata injini haijawaka. Basi geuza betri, na ubadilishane waya mbili za saa ya ampea, la sivyo itasoma kinyume.

Weka koili ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 3 hivi. Ncha yake ya hasi iende kwenye distributa. Ukitaka kubaki na koili ya zamani, lazima uitangulizie kizuizi cha omu 1.5 hivi, ama sivyo itapata moto na pointi zitaungua. Plagi na kondensa hubaki. Balbu zote hubadilishwa. Stata ya zamani yaweza kubaki, itazunguka kwa kasi zaidi. Usiishike zaidi ya sekunde chache kwa mara moja.

Pengine utazima swichi na injini itaendelea kunguruma. Usishangae. Umeme kidogo wa alteneta unarudi kwenye koili kwa njia ya ule waya mwembamba wa swichi. Fundi akatize waya huo kwa diodi au balbu ndogo. Wala usifungue betri injini ikiwa inazunguka, hata kwa majaribio, maana alteneta itaharibika.

Kazi ikiisha, washa injini kwa mwendo wa kulima na upime kwenye betri. Volti 13.8 hadi 14.4 ni sawa. Chini ya 13, betri haipati chaji. Juu ya 15, inachemshwa.

Joto la Lodwar hupita digrii 35 mara kwa mara, na maji ya betri hupungua upesi. Yatazame kila juma, mbali na moto na sigara, na ukinge macho, kwa kuwa kuna asidi. Ongeza maji ya betri yanayouzwa dukani. Maji ya kisima cha Turkana mara nyingi yana chumvi. Mpe mbuzi, usiyatie kwenye betri.