Kijivu Hakifichi Vumbi
Kila mwenye nyumba mpya hapa Ngerengere huniuliza vilevile: “Fundi, nipakie rangi ya giza, si ndiyo haishiki uchafu?” Inaushika, mama, tena inauanika.

Uchafu wa huku tunaujua. Kiangazi ni vumbi jekundu, linaloingia hata madirisha yakifungwa. Pitisha kidole kwenye ukuta wa kijivu kilichokolea uone mstari unaobaki. Kwenye ukuta wa rangi ya mchanga, vumbi hilohilo halionekani kirahisi, maana rangi zinafanana. Halafu watoto. Mmoja akila andazi kisha akaegemea ukuta wa giza usiong'aa, mafuta yanabaki yanametameta, na ukisugua unaongeza baka. Masika yanakuja magadi. Nyumba nyingi hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, kwa hiyo maji yanapanda ndani ya tofali, yakikauka yanaacha unga mweupe. Juu ya ukuta mweupe ni wachache watakaouona. Juu ya kijivu, utadhani mtu kamwaga sembe.

Na ile dawa ya mtaani, kupaka rangi ya mafuta ya kahawia kutoka sakafuni hadi kiunoni ili unyevu ukome? Haukomi! Umeuzibia njia tu, nao unapanda kutokea juu ya mkanda. Baadaye rangi inafura malengelenge na kubanduka pamoja na plasta. Nimekwangua mikanda hiyo mpaka nimechoka; chini ya gamba, plasta bado mbichi.

Ukichagua rangi, cha kupima ni mwanga. Nyeupe hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Kijivu kilichokolea hakifikishi hata 20. Chumba cha dirisha moja, lenye wavu wa mbu na linalotazama baraza: rangi ya maziwa au ya mchanga, dari nyeupe. Sebule yenye madirisha pande mbili: giza ruhusa, ukuta mmoja, ule usioegemewa. Chukua rangi ya maji inayofutika. Kabla ya ndoo ya lita 20 nunua lita moja, paka vipande vya ukubwa wa gazeti kwenye kuta mbili, uache vikauke, maana rangi ya maji ikikauka hukolea. Tazama asubuhi, saa nane mchana, na usiku taa ikiwaka. Zile taa nyeupe kali hugeuza kijivu kikawa samawati, na anayepigiwa simu ni mimi.