Kalenda Ndiyo Mtaala: Malezi katika Chekechea ya Kiyahudi

Ijumaa asubuhi katika chekechea nyingi za Kiyahudi, iwe Tel Aviv, London au New York, watoto hukanda unga. Kila mmoja hupewa donge lake, akaliviringisha mpaka likawa kamba, kisha kamba tatu husukwa kama nywele na kupakwa yai juu ili mkate ung'ae ukitoka jikoni. Huo ndio hala, mkate wa Sabato. Mezani huwekwa miwili, kwa kumbukumbu ya mana ya jangwani ambayo, kwa mujibu wa kitabu cha Kutoka, siku ya sita ilipatikana maradufu ili siku ya saba asiwepo wa kwenda kuokota. Kabla ya mishumaa kuwashwa, kisanduku cha sadaka huzungushwa na kila mtoto hutumbukiza sarafu yake. Watoto wawili wa zamu, mmoja "mama wa Sabato" na mwingine "baba wa Sabato", husimama mbele ya wenzao: huyu kwenye mishumaa, yule na kikombe cha maji ya zabibu. Dua husomwa, wote huitikia amina, mkate humegwa. Mpita njia angesema ni mchezo wa jikoni. Mimi nashikilia kwamba hapo ndipo ulipo msingi wenyewe wa malezi ya Kiyahudi: mtoto hupewa majira na matendo kwanza, maelezo ya imani yakaja baadaye, na kalenda ndiyo mtaala wa darasa lake.

Siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama, jambo ambalo halitakuwa geni kwa Mswahili wa pwani, ambaye kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mwaka nao huingia Septemba au Oktoba, na mtoto huujua kwa ulimi kabla ya kuujua kwa tarehe: tofaa lililochovywa kwenye asali, na sauti ya baragumu ya pembe ya kondoo. Majuma mawili baadaye darasa zima hutoka uani kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, na paa lake sharti liwe la matawi, yaliyotandazwa kiasi cha kumwezesha aliye ndani kuziona nyota. Tarehe 15 ya mwezi wa Shevati, mlozi unapochanua katika nchi ya Israeli, ni mwaka mpya wa miti, nao watoto hupanda mbegu. Katika sikukuu ya Purimu huvaa mavazi ya kujigeuza, na kila linapotajwa jina la Hamani, adui wa Wayahudi katika kisomo cha Esta, hupiga makelele mpaka lizimike. Miezi hii hufuata mwezi wa angani, lakini katika kila miaka 19 miaka saba huongezwa mwezi wa kumi na tatu, ndiyo maana Pasaka haitoki kamwe katika majira ya machipuko. Kwa hiyo anayefundishwa sikukuu anafundishwa pia mvua, mavuno, anga na hesabu, bila masomo hayo kutenganishwa kwa kengele.

Hesabu hasa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa pingamizi la kwanza ni kwamba huu ni mchezo tu, na mtoto angefaidika zaidi akiketi na penseli. Wazazi wengi wa kwetu, wanaoipima chekechea kwa wingi wa madaftari yaliyojaa, wangesema vivyo hivyo. Basi na waitazame Hanuka, sikukuu ya taa ya siku nane. Usiku wa kwanza huwashwa mshumaa mmoja, wa pili miwili, mpaka wa nane ambao ni minane. Na kila usiku kuna mshumaa wa ziada, mtumishi, unaoiwasha mingine. Jumla ni 44, na ndivyo maboksi ya mishumaa hiyo yanavyouzwa. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, imehifadhi hata mabishano: shule ya Shamai ilitaka kuanza na minane na kupunguza, shule ya Hileli ikataka kuanza na mmoja na kuongeza, na ya Hileli ndiyo iliyofuatwa. Mwalimu anayeijua kazi yake huuliza, "Jana tuliwasha mingapi? Leo je?" kisha akanyamaza, akamwachia mtoto muda wa kuvinyoosha vidole vyake. Huyo anajumlisha kwa sababu kuna kitu cha kujumlishwa, na kosa lake litaonekana kwa macho yake mwenyewe pale tundu moja la kinara litakapobaki tupu. Daftari halina uwezo huo.

Wala malezi haya si ubunifu wa jana. Talmudi inamsifu Yoshua ben Gamla, kuhani mkuu wa miaka ya mwisho ya Hekalu la Yerusalemu, kwa kuagiza walimu wawekwe katika kila mji na watoto wapelekwe wakiwa na miaka sita au saba. Mjadala huohuo unaweka watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wakifika 40 apewe msaidizi. Katika miji ya Wayahudi wa Ujerumani ya zama za kati, mtoto aliyeanza masomo alipelekwa kwa mwalimu wakati wa sikukuu ya Shavuoti, herufi zikapakwa asali kwenye ubao, naye akazilamba. Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa mwaka 1898, ilipofunguliwa huko Rishon LeZion chekechea ya kwanza ya kufundisha kwa Kiebrania. Lugha ile ilikuwa imedumu karne nyingi katika sala na vitabu, ikapungukiwa na nyimbo za kitoto na majina ya vitu vya kuchezea. Walimu ikawabidi wavitunge, na watoto wakarudi nyumbani wakiwazungumzia Kiebrania wazazi waliozoea Kiyidishi. Sehemu kubwa ya uhai wa Kiebrania cha leo ilipitia vinywani mwa watoto kama hao.

Pingamizi zito ni jingine: je, si kumtia mtoto dini kabla akili yake haijapevuka? Lina uzito, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba kila mzazi hufanya hivyo. Lakini katika Israeli hata chekechea za serikali zisizo za kidini huikaribisha Sabato kila Ijumaa, na wamo watoto ambao nyumbani kwao hakusaliwi kabisa. Kinachopokezwa hapo ni desturi ya jamii zaidi ya kanuni ya imani. Tena desturi yenyewe imempa mtoto kazi ya kuuliza. Usiku wa Pasaka mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeuliza maswali manne, ambayo chekechea huyafanyia mazoezi majuma kadhaa kabla. Kipande cha mkate usiotiwa chachu hufichwa, na katika nyumba nyingi mlo haufungwi mpaka watoto wakilete, hila njema ya kuwaweka macho. Talmudi inasema hata aliye peke yake ajiulize mwenyewe. Nakubali kwamba swali lililokaririwa bado si swali huru. Hata hivyo mtoto anayezoea tangu miaka minne kuwasimamisha watu wazima kwa "kwa nini", nao wakalazimika kumjibu, amepewa mlango ambao wengi hawapewi.

Kuhusu hofu kwamba malezi haya hufuga utengano, jirani zetu wa Uganda wanatoa jibu. Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 karibu na Mbale, wana shule ya msingi ya Hadassah, na humo husoma pia watoto wa Kikristo na Kiislamu. Nisichoweza kukitetea ni ubaguzi wa jinsia. Chuo cha zamani, heder, kilikuwa hasa cha wavulana, na hadi leo katika jamii zenye msimamo mkali wavulana na wasichana hutenganishwa tangu wakiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Hata zile zamu za Ijumaa, mama kwenye mishumaa na baba kwenye kikombe, humkabidhi mtoto mgawo ambao hakuuchagua. Chekechea nyingi za Wayahudi wa Reform, tapo la kimageuzi, humpa mtoto yeyote zamu yoyote, na Sabato yao haijapungukiwa kitu. Nyingine hazina sababu ya kusubiri.