Fahamu: Mfuko wa saruji unavyopita idara zote za duka

Tegeta, jijini Dar es Salaam, inaishi na saruji. Kiwanda cha Wazo Hill, kinachotengeneza saruji ya Twiga, kilianza uzalishaji mwaka 1966, na maduka ya vifaa vya ujenzi yapo kando ya Barabara ya Bagamoyo.

Chukua mojawapo ya maduka hayo, lenye kompyuta zilizounganishwa. Muuzaji akiingiza mauzo ya mifuko 20, mtunza stoo anaona salio limepungua, mhasibu anaona fedha imeingia au deni limeongezeka, na mhusika wa manunuzi anajua lini aagize mzigo mwingine. Taarifa imeandikwa mara moja tu. Faida kubwa iko hapo. Kwa madaftari, kila mmoja huandika lake, na jioni hesabu zinagoma kukubaliana.

Serikali nayo imo katika mtiririko huu wa taarifa. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti (EFD), zilizoanza kutumika mwaka 2010, hupeleka taarifa za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kutoa kila siku ripoti ya Z, yaani muhtasari wa mauzo ya siku hiyo. Kwa maoni yangu ni kosa kubwa kuitenga mashine hiyo na mfumo wa stoo: risiti zitasema hivi, mzigo uliopo utasema vile. Ila hata mifumo ikiunganishwa, mfuko uliochanika wakati wa kushusha hauonekani kwenye kompyuta mpaka mtu wa stoo auandike.